Ifungueni, Mtaona

Fundi Pasi aliitwa Pasi kwa sababu moja tu: katika miaka yake yote ya ufundi wa magari, hakuna aliyewahi kumwona na doa. Gereji ilikuwa na oili mpaka kwenye vikombe vya chai, lakini yeye utamkuta kati ya injini mbili kavaa shati jeupe limenyooka, mpaka unaogopa kumpa mkono. Kazi za uvunguni aliwaachia wengine. Na huyo mwingine wa kwanza, mshirika wake aliyekula naye sahani moja, alikuwa baba yake Bi Msasa. Hilo liweke kichwani. Bi Msasa aliliweka kichwani miaka ishirini na miwili na halikupoa hata siku moja.

Bi Msasa naye ni jina la kupachikwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, fundi, na ulimi wake ulikuwa unakwaruza hata akisalimia. Gereji yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la rangi, na humo alifufua vipuri ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza zamani. Ukimpelekea kitu kilichokufa, kwanza atakutukana wewe uliyekiua, kisha atakitengeneza. Wateja walimvumilia kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Jumatatu moja, asubuhi ya baridi kali, likaingia gari la kijani la zamani, lenye taa za duara na bampa la kung'aa. Akashuka mwanamke aliyejifunga blanketi kiunoni. Alikuwa mkunga, na gari alilirithi kwa baba yake.

"Hita," alisema, meno yakigongana. "Nazunguka kule milimani kila alfajiri. Nikifika kwa mama mwenye uchungu, vidole vimekufa ganzi, inabidi anisubiri nipashe mikono kwanza. Na mtoto hasubiri, dada."

"Imekufa lini?"

"Miaka ishirini na miwili."

Bi Msasa akacheka. "Na leo ndiyo umeona baridi?"

Mkunga hakucheka. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akavua kiatu, akashusha soksi. Kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni ngozi ilikuwa imekunjamana, nyeupe mahali na nyekundu mahali. "Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa hapo mbele na baba. Koki ya hita ikapasuka, maji ya kuchemka yote yakanishukia miguuni. Baba akakata mipira ya maji, akaziba, akaapa hakuna atakayeigusa tena. Sasa baba ametangulia na baridi imenishinda. Ile koki iko palepale chini ya dashibodi, kama ilivyokuwa siku ile. Fundi aliyeifunga alikuwa mlevi, ndivyo tulivyoambiwa. Mstari, walimwita."

Spana ilimtoka Bi Msasa mkononi ikaanguka sakafuni. Aliinama kuiokota, na alikaa huko chini muda mrefu kuliko spana ilivyohitaji.

"Utaiweza?" mkunga aliuliza. "Nataka iwe tayari Jumamosi, kwenye ukaguzi. Mwenyekiti wa mafundi anakaa ndani ya kila gari la zamani, anapima kila kitu, ndiyo unapata cheti. Mzee Pasi, unamjua?"

"Namjua," Bi Msasa alisema. "Acha ufunguo."

Mstari alikuwa baba yake. Jina alilipata kwa mazoea yake: kila skrubu aliyoikaza, aliimalizia kwa kugeuza ule ufa wa kichwani uelekee upande mmoja na wenzake. Skrubu nne, nyufa nne, zote zimelala mstari mmoja. Wenzake walimcheka kwamba anapoteza muda. Yeye alijibu kwamba mtu asiyeweza kunyoosha skrubu hana haki ya kumwambia mteja gari limepona. Na pombe? Pombe gani! Mstari alikuwa hanywi hata soda, alisema inamvuruga tumbo.

Siku ile mtoto alipoungua, Pasi alisimama katikati ya gereji, shati jeupe kifuani, akamwambia mwenye gari, "Mimi sijaigusa. Ni mkono wa mwenzangu, na siku hizi chupa imemzidi." Watu waliinamisha macho. Mstari alisema neno moja tu: "Ifungueni, mtaona." Mwenye gari hakutaka kusikia. Mwanawe alikuwa analia kwa uchungu, yeye aende kufungua koki? Aliondoka, na baada ya hapo hakuna aliyempa Mstari gari la kutengeneza. Alimaliza maisha yake akiziba masufuria na kurekebisha baiskeli uani kwake, miaka kumi na moja, na kila mgeni aliyekaa naye alimwambia, "Kama wangeifungua, wangeona." Mwisho wageni wakaacha kuja. Aliyasema hata siku anakata roho, na mkewe akamjibu, "Nimesikia, baba watoto, pumzika."

Mama huyo alikuwa bado hai. Sokoni walimwita mke wa yule mlevi aliyeunguza mtoto.

Basi Bi Msasa akafunga mlango wa mabati, akaingia chini ya dashibodi kwa mgongo, tochi mdomoni. Koki ilikuwa ndogo tu, ya shaba, ingeenea kwenye kiganja: huku yanaingia maji ya moto kutoka kwenye injini, huku yanatoka kwenda kwenye hita, na juu kuna leva inayovutwa kwa waya ili dereva apate joto au alifunge. Kifuniko kilishikwa na skrubu nne.

Aliziangalia zile skrubu. Moja ilielekea mlangoni, moja kwenye injini, mbili zimejikalia zinavyotaka. Hapo hapo, kabla hata hajagusa bisibisi, alijua.

Aliitoa, akaibana kwenye meza, akafungua skrubu moja moja huku akipumua kwa mdomo. Kifuniko kilitoka. Ndani palitakiwa kuwa na mpira mnene mweusi, ule aliokuwa akiukata baba yake kwa mkono na kuupima mara tatu. Hapakuwa na mpira. Palikuwa na kipande cha boksi, kimepakwa grisi, upande mmoja kimechanika pale maji yalipopita. Alikifuta taratibu kwa kitambaa. Chini ya grisi yakatokea maandishi yaliyopauka ya kiwandani: Shingo 16.

Ee, Bi Msasa alikaa chini. Lile boksi alilifahamu tangu utotoni! Ni ile kadi ngumu inayokuja ndani ya shati jipya kulishikilia kola. Pasi ndiye aliyekuwa akinunua mashati kama mwingine anavyonunua mkate, na kadi zake hakuzitupa, alizijaza kwenye droo ya meza yake. Aliandikia namba za simu, alikunia mgongo, na akibanwa na kazi alikatia gasketi za haraka haraka, vile viziba vya kuzuia maji yasivuje. Baba alimtania, "Mwenzangu, siku moja utalivalisha gari tai." Walicheka wote wawili. Na yeye, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa akimwita Pasi baba mdogo.

Alilia. Hakulia kwa uzuri. Alilia kwa kupiga meza ngumi mpaka misumari ikaruka kwenye kopo. Kisha machozi yalikauka na likaja jambo jingine, tamu, likamkaa moyoni.

Jumamosi Pasi atakaa kwenye kiti kile cha mbele, miguu chini ya koki hii. Ni nani atamzuia Bi Msasa kukata boksi jipya, kulipaka grisi, kulikaza vizuri, na kunyamaza? Injini ikipata moto, leva ikivutwa, viatu vyeusi vinavyong'aa vitajaa maji ya kuchemka. Alikiwaza kitu hicho siku nzima ya Jumatatu na yote ya Jumanne. Hata boksi alilikata. Lilikuwa limekaa mezani, la duara, lenye matundu manne, na kila alipopita alilitazama kwa mapenzi.

Jumatano asubuhi alilitupa kwenye moto wa jiko. Usidhani alimhurumia, hata chembe. Aliona tu yatakayofuata: Pasi yuko hospitali, mguu umefungwa bandeji, watu wamejaa kitandani wanasema, "Baba aliunguza, na binti naye kaunguza. Ukoo wenyewe ndio huo." Angempelekea yule mzee ushindi wa pili kwenye sinia. Na kuungua kunapona, miguu ya mkunga ni shahidi. Yeye alitaka kitu kisichopona.

Akampigia mkunga simu. Alipofika, alimwekea mezani koki, skrubu nne na kile kipande cha boksi.

"Mimi ni binti wa Mstari," alisema. "Kama unataka kuchukua gari lako, mlango ule. Kama unataka kujua nani alikuunguza, kaa."

Mkunga alikaa. Aliambiwa yote, ya skrubu, ya mashati, ya droo. Alikigeuza kile kipande akasoma maandishi, akasoma tena. Alikuwa mtu wa kazi inayohitaji utulivu, lakini shingo ilimwiva.

"Kila mwaka alikuwa anatuletea maua," alisema polepole. "Siku niliyoungua, kila mwaka ikifika. Baba alimwona mtu wa maana sana. Nilimwita mjomba." Akakirudisha kipande mezani, akauliza, "Tumfanye nini?"

"Twende kwa watu ukiwa na boksi mkononi, atasema umelikata wewe juzi. Atasema nimelibandika mimi, nina chuki. Na chuki ninayo, siwezi kukataa. Inabidi aseme mwenyewe."

"Atasemaje mwenyewe? Mzee yule mdomo wake una kufuli."

"Mdomo unao," Bi Msasa alisema. "Miguu haina."

Kazi ikaanza, na hiyo aliifanya kama vile baba yake amesimama nyuma ya bega. Koki aliilaza kwenye siki tangu asubuhi hadi jioni, mpaka magaga ya chumvi ya maji yakalainika, akayatoa kwa mswaki. Alisugua midomo ya koki kwa msasa laini juu ya kioo cha dirisha ili ikae bapa. Alikata mpira mpya, wa kwanza akautupa kwa sababu tundu moja lilisogea upana wa unywele, wa pili ukakaa. Akabadilisha kijiti cha leva kilicholika, akakipaka grisi. Kisha akaijaribu mezani: akaijaza maji ya birika yanayochemka, akaziba upande mmoja, na upande wa pili akaunga pampu ya baiskeli, akasukuma mpaka mikono ikamuuma. Haikutoka hata tone. Mwisho alikaza skrubu nne, na nyufa zake nne akazilaza mstari mmoja.

Jumamosi uwanja wa chama cha mafundi ulijaa. Magari ya zamani yalikuwa yamepangwa, maboneti wazi, na mafundi wapatao arobaini walizunguka na vikombe mkononi, kila mmoja akimkosoa mwenzake. Pasi alikuwa anatoka gari moja anaingia jingine, daftari kwapani, nywele nyeupe, shati jeupe zaidi. Alipofika kwenye gari la kijani alisimama. Mkunga alikuwa kwenye usukani, injini ikinguruma tayari kwa nusu saa. Kiti cha nyuma alikaa bibi mmoja aliyejifunika shali mpaka puani.

"Mwanangu!" Pasi alimwambia mkunga. "Hili nalijua tangu enzi za marehemu. Halina tatizo, nakuandikia cheti."

"Hapana, mjomba. Ya wengine wote umeyakalia. Watasema umenipendelea."

Watu walicheka, wakasogea. Pasi alicheka pia, akaingia kwenye kiti cha mbele, akanyoosha suruali magotini. Akapima taa, akapima honi, akapima vifuta mvua. Akataka kushuka.

"Bado hita," alisema mkunga. "Nimeitengeneza."

Kicheko cha mzee kilibaki mdomoni lakini machoni kilizimika. "Nani ameitengeneza?"

"Mimi, baba mdogo," ikasema sauti dirishani.

Bi Msasa alikuwa ameegemea mlango, ovaroli safi, mikono ameikunja. Alikuwa hajamwita hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Aliongea kwa sauti ya kutosha, hata waliosimama nyuma wasikie.

"Mipira nimeunga. Waya nimebadilisha. Koki yenyewe sikuona sababu ya kuigusa sana. Gasketi niliyoikuta ndani nimeirudisha ileile. Si ulisema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba kazi ile ni mkono wa baba yangu? Baba yangu alikuwa fundi. Nimeiheshimu kazi ya marehemu."

Kijasho chembamba kilimtoka Pasi juu ya mdomo. Alitafuta kitasa cha mlango, na mlango ulikuwa umeegemewa. "Si lazima leo," alisema. "Injini ina moto sana. Hita inapimwa injini ikiwa imepoa."

Fundi mmoja nyuma akaguna, "Tangu lini?"

"Nawasha, mjomba," alisema mkunga, na akaivuta leva.

Maji yaliingia kwenye koki kwa mlio, kama mtu anayevuta pumzi. Basi miguu ya Pasi ikapaa! Yote miwili, viatu na soksi, ikapanda juu ya kiti, magoti kidevuni, mzee mzima amejikunja kama mtoto aliyeona nyoka, daftari limeruka, na sauti imemtoka nyembamba: "Zima! Zima nakwambia! Boksi la shati halihimili maji ya moto!"

Mkunga alizima injini.

"Boksi gani, mjomba?" mkunga aliuliza.

Pasi aliangalia chini: zulia kavu. Kutoka kwenye matundu ya hita ilikuwa bado inatoka hewa ya vuguvugu, inapepea suruali yake iliyonyooka.

"Mimi nimesema gasketi," alisema Bi Msasa. "Nani ametaja boksi? Nani ametaja shati?" Akatoa mfukoni kile kipande chenye grisi, akakinyanyua, kisha akampa fundi wa karibu. Kikazunguka mkono kwa mkono. Mafundi wazee, wale waliofanya kazi gereji ileile, hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja alisoma, "Shingo kumi na sita," akatazama kola ya Mwenyekiti, akatema mate pembeni.

"Ndani nimeweka mpira," Bi Msasa aliendelea. "Shusha miguu, haikuunguzi. Angalia na skrubu basi, ukiwa huko huko. Zimelala vipi?"

Pasi hakuangalia skrubu. Alishusha mguu mmoja, akashusha wa pili, na uso ulikuwa umemnywea. "Leva ilikuwa ngumu," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Siku ya pili baada ya Mstari kuifunga, mwenye gari alilirudisha, akaliacha akaenda zake. Mstari hayupo, yuko hospitali anamuuguza mkewe. Nilifungua nilainishe tu. Mpira ukachanika mikononi mwangu. Mwingine haukuwepo, na mwenye gari yuko njiani kulifuata. Nilisema kesho nitamwambia Mstari aufunge vizuri. Kesho yake mtoto akaungua."

"Na pombe?" alisema Bi Msasa.

"Alikuwa hanywi."

Alisema hayo akiwa ameinamia magoti yake. Bi Msasa alikuwa amelingoja neno hilo tangu akiwa msichana, alikuwa ameshapanga na matusi yake, ya kumtosha mzee mpaka kaburini. Lakini kabla hajaanza, yule bibi wa kiti cha nyuma alishusha shali usoni, akasogea mbele, akaweka mkono kwenye bega la lile shati jeupe. Mkono ulikuwa na masizi. Asubuhi ile alikuwa amewasha jiko na, akijua anakokwenda, hakuunawa.

Pasi aligeuka, akamwona, akataka kusimama ndani ya gari. "Shemeji..."

"Kaa, shemeji," alisema mama yake Bi Msasa. "Umesema hakunywa."

"Hakunywa."

"Na koki?"

"Ni mimi."

"Sema tena. Paza sauti." Vidole vyake vilikuwa vimeacha mistari mitano myeusi begani, na hakuvitoa. "Hawa wamesikia. Baba watoto yuko mbali."